Chapa tatu za mapigano ya Trafalgar: ipi uitundike ukutani?

Anayetafuta picha ya zamani ya manowari za matanga zikipigana, iwe kwa ajili ya sebule, ofisi au maktaba ya shule, hukutana na Trafalgar mapema. Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya jina hilo katika pwani ya kusini ya Hispania, merikebu kubwa 27 za Uingereza zilizoongozwa na Admirali Horatio Nelson zilikabili 33 za Ufaransa na Hispania chini ya Admirali Pierre de Villeneuve. Hadi jioni, upande wa Villeneuve ulikuwa umepoteza merikebu 18, Waingereza hawakuwa wamepoteza hata moja, na Nelson mwenyewe alikuwa amekufa. Habari zilifika London tarehe 6 Novemba, na kuanzia hapo wachoraji, wachongaji wa mabamba na wauza picha walishika kazi. Ndiyo maana mnunuzi wa leo anakuta chapa nyingi, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kutoka bamba lililochongwa, za tukio moja, kila moja ikijinadi kuwa sahihi, huku bei zikipishana kwa sababu ambazo mtu asiyezizoea picha hizi hawezi kuzitambua kwa kutazama tu.

Nimechagua tatu ambazo mara nyingi huwekwa mbele ya mnunuzi. Ya kwanza ni jozi ya Robert Dodd iliyotolewa mwaka 1806, picha moja ikionyesha sehemu ya mbele ya mapigano na nyingine sehemu ya nyuma. Ya pili ni chapa ndogo iliyochorwa na Thomas Whitcombe na kuchongwa na Thomas Sutherland kwa ajili ya mfululizo ambao James Jenkins aliutoa London mwaka 1816 na 1817. Ya tatu ni chapa ya mistari ya William Miller ya mwaka 1839, iliyonakili mchoro mkubwa wa rangi wa Clarkson Stanfield. Kwa kila moja nauliza kwanza inajua nini kuhusu siku ile, kwa kuwa picha ya vita isiyoijua siku yake ni pambo tu, na mapambo yapo mengi ya bei nafuu kuliko haya.

Bahari na upepo wa siku yenyewe

Kabla ya kuzipima picha, ni vizuri kujua hali ya bahari ilivyokuwa, maana hapo ndipo wachoraji wengi hujifichua. Asubuhi ya Trafalgar upepo ulikuwa mwanana, ukivuma kutoka upande wa magharibi, na Waingereza ndio waliokuwa joshini, yaani upande unakotoka upepo. Walisogea polepole mno, wakiwa wametandaza hata matanga ya ziada ya pembeni ili wapate mwendo, hivi kwamba zilipita saa nyingi tangu adui alipoonekana hadi mizinga ya kwanza ilipolia. Wakati huohuo maji yalikuwa yakiinuka na kushuka kwa mawimbi mapana yasiyovunjika, yaliyotoka bahari kuu yakitangulia tufani. Tufani lenyewe lilifika baada ya mapigano, likadumu kwa siku kadhaa, na likazamisha merikebu nyingi zilizotekwa ambazo zilikuwa tayari hazina milingoti.

Kwa hiyo ukiona chapa ya Trafalgar ambamo merikebu zimelala ubavu kwa nguvu ya upepo, mawimbi yamevunjika kwa povu jeupe na moshi unakimbizwa kama wakati wa dhoruba, jua kwamba mchoraji alichanganya siku mbili, au alichukua bahari aliyoizoea akaweka majina ya Trafalgar juu yake. Moshi wa siku ile ulipaswa kutanda, kulala juu ya maji na kuondoka taratibu kuelekea demani, yaani upande unakoelekea upepo, hata ukawafanya wapiganaji wakose kumwona adui aliyekuwa mita chache mbele yao.

Jambo la pili la kukagua ni bendera. Jeshi la majini la Uingereza wakati huo liligawanywa katika vikosi vya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu, na Makamu Admirali Cuthbert Collingwood, aliyeongoza safu ya pili, alikuwa wa kikosi cha buluu. Hata hivyo Nelson aliagiza merikebu zote zipandishe bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu ili zisichanganywe katika moshi. Chapa iliyotiwa rangi inayoonyesha bendera nyekundu au buluu kwenye tezi, yaani sehemu za nyuma, za merikebu za Waingereza imekosea jambo ambalo lilikuwa agizo la wazi. Kosa hilo huenda si la mchongaji, kwa sababu rangi zilitiwa kwa mkono baadaye, lakini anayelipia picha ya rangi ana haki ya kulijua.

Dodd, 1806: picha ya wakati wa matanga ya maombolezo

Robert Dodd alizaliwa mwaka 1748 na kufariki mwaka 1815. Tofauti na wachoraji wengi wa baharini, yeye alichora kisha akachonga mabamba yake mwenyewe, na mara nyingi akawa ndiye mtoaji pia. Faida yake ni kwamba hakuna mkono wa pili uliosimama kati ya alichokusudia na kilichochapwa. Nyingine ni ukaribu wa wakati: jozi hii ilitoka miezi michache tu baada ya vita, ilhali mazishi ya Nelson katika kanisa la Mtakatifu Paulo yalifanyika Januari mwaka huohuo. Picha za namna hii ziliuzwa kwa watu waliokuwa bado wanasoma magazeti wakitafuta majina ya ndugu zao.

Ukaribu huo una gharama yake. Dodd hakuwa Trafalgar. Alitegemea taarifa za maofisa zilizochapishwa, mipango ya safu iliyokuwa ikizunguka London, na ujuzi wake mpana wa umbo la merikebu. Katika miezi ile ya kwanza ramani za mapigano zilikuwa bado zinapingana, na hata makapteni hawakukubaliana nani alipita wapi. Kwa hiyo ukichukua Dodd, unachukua ushahidi wa jinsi Waingereza walivyoielewa Trafalgar mwanzoni mwa mwaka 1806, na kwangu hilo ni jambo la thamani kubwa, mradi usiichukulie kama ramani.

Mbinu aliyotumia inaitwa akwatinti, na inafaa kuelezwa kwa sababu ndiyo iliyotumika pia katika chapa ya Whitcombe. Mchongaji hunyunyizia bamba la shaba unga wa utomvu mkavu wa miti, wa namna inayokaribiana na sandarusi ya pwani yetu, kisha hulipasha moto hadi chembe zile zishikamane na shaba. Bamba linapotiwa asidi, asidi hula nafasi ndogo zilizo kati ya chembe. Sehemu inayotakiwa kubaki nyeupe hupakwa vanishi mapema. Zinazotakiwa kuwa kijivu huachwa kwa muda mfupi kisha nazo hufunikwa, na zinazotakiwa kuwa nyeusi huachwa ziliwe hadi mwisho. Matokeo ni vivuli laini vinavyoshuka hatua kwa hatua, na hakuna mbinu ya zama hizo inayotoa moshi wa baruti na anga lenye mawingu vizuri kuliko hiyo. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona wavu wa vijistari vyeusi visivyo na mpangilio vikizunguka vijiduara vyeupe vya chembe zilizoizuia asidi.

Udhaifu wa akwatinti uko kwenye kamba. Merikebu ya daraja la Victory, ile iliyombeba Nelson, yenye mizinga 104, ilibeba kilomita nyingi za kamba, na chembe za utomvu haziwezi kuchora mstari mwembamba wa kamba inayoshuka kutoka foromali, mti wa kutundikia tanga. Mchongaji hulazimika kuongeza mistari kwa sindano, na kati ya chapa za namna hii nzuri na mbaya, tofauti mara nyingi huwa hapo: je, kamba zinaelekea mahali zinapopaswa kufungwa, au ni mikwaruzo tu?

Whitcombe na Sutherland: ndogo, ya rangi, na ya mfululizo

Jenkins alikusudia kutoa kumbukumbu ya ushindi wote wa majini wa Uingereza katika vita vya Mapinduzi ya Ufaransa na vya Napoleon, na akatoa mabamba 55 ya akwatinti yaliyotiwa rangi kwa mkono. Karibu yote yalichorwa na Whitcombe, na mengi yalichongwa na Sutherland. Trafalgar imo humo pamoja na mapigano mengi ambayo leo hayakumbukwi, kama ya frigeti mbili, manowari ndogo za mbio, zilizokutana peke yake katika Bahari ya Hindi au Karibiani.

Nasema wazi kwamba kwa mnunuzi wa kwanza hii ndiyo rahisi kuishi nayo. Ukubwa wake unakaribia karatasi ya kawaida ya ofisini, kwa hiyo inatosha juu ya meza ya kusomea. Whitcombe alijua namna merikebu inavyokaa majini, na rangi zake, zinapokuwa za asili, ni za upole: buluu ya kijivu baharini, manjano hafifu kwenye milia ya mabavu ya merikebu, waridi kidogo pale moto unapomulika moshi.

Lakini ina kasoro inayotokana na kuwa sehemu ya mfululizo. Mtu anayechora mapigano takriban 50 kwa mpangilio mmoja wa ukurasa huzoea namna moja ya kupanga merikebu: moja kubwa katikati, nyingine iliyovunjika kando yake, mabaki ya mlingoti yakielea mbele. Katika pambano la frigeti mbili mpangilio huo unasema kweli. Katika Trafalgar, ambako zaidi ya merikebu 60 za kila namna zilikuwepo na mambo yaliamuliwa na safu mbili zikipenya safu moja, ukurasa mdogo unamlazimisha mchoraji kuchagua kona moja na kuiacha iliyobaki ndani ya moshi. Ukitaka kumweleza mwanafunzi kwa nini Nelson alishinda, chapa hii haitakusaidia sana.

Tahadhari nyingine ni kwamba mabamba ya Jenkins yaliendelea kuchapwa kwa miaka mingi. Chembe za akwatinti kwenye shaba huchakaa upesi chini ya mashine ya kuchapia, na nakala za baadaye zina vivuli vilivyofifia, ambavyo muuzaji huvificha kwa rangi nzito. Inua karatasi kwenye mwanga. Karatasi nyingi nzuri za Uingereza za wakati huo zina jina la kiwanda na mwaka ndani yake, kama vile Whatman, na ikiwa mwaka huo ni wa baadaye kuliko tarehe iliyochapwa chini ya picha, basi una nakala ya kuchapwa tena. Si bandia, ila haistahili bei ya ile ya mwanzo.

Stanfield na Miller, 1839: picha inayoijua saa yake

Clarkson Stanfield aliingizwa jeshini kwa nguvu akiwa kijana, mwaka 1808, kama walivyokamatwa mabaharia wengi wa zama hizo. Baadaye akawa mchoraji mashuhuri wa mandhari za jukwaani katika jumba la Drury Lane kabla ya kugeukia picha za bahari. Mchoro wake wa Trafalgar alioukamilisha mwaka 1836 uliagizwa na klabu ya maofisa ya London, United Service Club, maana yake ulikwenda kutundikwa mbele ya macho ya watu ambao baadhi yao walikuwa wamepigana katika vita hivyohivyo. Mchoraji anayejua kwamba hao ndio watakaomkosoa hawezi kubahatisha kamba.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba Stanfield alitaja saa. Picha yake ni ya saa nane na nusu mchana, takriban saa moja na nusu baada ya Nelson kupigwa risasi, na kila merikebu iko katika hali iliyokuwa nayo wakati huo. Katikati Victory inajinasua kutoka kwa Redoutable, manowari ya Kifaransa ya mizinga 74 ambayo mdunguzi wake, akiwa juu mlingotini, ndiye aliyempiga Nelson. Redoutable imebanwa upande wa pili na Temeraire, Mwingereza wa mizinga 98, na Temeraire nayo imeikamata Fougueux, Mfaransa mwingine, hivyo merikebu zimegandana ubavu kwa ubavu. Kulia iko Bucentaure, iliyombeba Villeneuve, imebakiwa na mlingoti mmoja, na karibu nayo Santísima Trinidad ya Hispania, iliyokuwa na sitaha nne za mizinga na iliyozidi merikebu zote pale kwa ukubwa, sasa ni gofu. Kushoto Collingwood, ndani ya Royal Sovereign, yuko na mateka wake Santa Ana, asiye na mlingoti hata mmoja. Bahari ina mawimbi mapana yanayopanda bila kuvunjika, na moshi umelala. Siku ile imesomwa vizuri.

William Miller, mchongaji wa Edinburgh, aliihamisha picha hiyo kwenye bamba kwa mistari, na chapa ikatoka katika mkusanyiko wa Finden wa picha za wachoraji wa Uingereza. Kufikia miaka ya 1830 wachongaji wengi wa huko walikuwa wamehamia mabamba ya chuma, magumu kuliko shaba, yanayoruhusu mistari myembamba na nakala nyingi bila kuchakaa. Hapa ndipo njia hii inapoipita akwatinti: kila kamba ina mwanzo na mwisho, kila tanga lililotobolewa linaonyesha anga nyuma yake. Tazama maji kwa kioo cha kukuzia. Miller hakujaza kivuli. Alifuatisha mgongo wa wimbi kwa mistari sambamba inayopinda nalo, ikikaribiana penye giza na kuachana penye mwanga, mpaka karatasi tupu ikageuka kuwa mng'ao wa jua.

Kinachopungua ni rangi. Chapa hii ilikusudiwa iwe nyeusi kwa nyeupe, na nakala zilizotiwa rangi nyingi zimetiwa baadaye na wauzaji, mara nyingi kwa kuziharibu. Anayehitaji ukuta wenye rangi ataiona nzito na baridi. Pia haina harufu ya mwaka 1805 kama Dodd. Ni ya kizazi kilichofuata, kilichokuwa na ramani zilizosahihishwa na muda wa kupanga.

Kama unachotaka ni watu, si merikebu

Wapo wanaoulizia picha ya Trafalgar wakiwa na kifo cha Nelson moyoni. Hao watafute chapa ya James Heath ya mwaka 1811, iliyofuata mchoro wa Benjamin West. Ni kazi kubwa, yenye sura za maofisa wengi, lakini West alimweka Nelson akifa juu ya sitaha, mbele ya watu wote, wakati kwa kweli alishushwa hadi chini ya usawa wa maji, mahali pa majeruhi, na huko ndiko alikokata roho yapata saa kumi na nusu. West alijua hilo, akachagua heshima kuliko ukweli. Arthur Devis alichora mahali penyewe, gizani, baada ya kuingia Victory iliporejea, na chapa ya William Bromley ya mwaka 1812 imetokana naye. Kati ya hizo mbili nachukua ya Devis bila kusita.

Asili au nakala

Chapa zote nilizozitaja zina nakala za kisasa. Bamba la chuma au shaba lililobanwa na mashine huacha mfereji wa mstatili kwenye karatasi kuzunguka picha, ambao unaweza kuuhisi kwa kidole, isipokuwa pambizo zimekatwa. Nakala iliyopigwa kwa mashine za kisasa huonyesha, chini ya kioo, vitone vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka, jambo lisilowezekana katika akwatinti wala katika mistari ya mkono. Angalia pia maandishi chini ya picha: sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 ilitaka jina la mwenye haki na tarehe ya kutolewa vichongwe kwenye bamba, kwa hiyo chapa ya Uingereza ya zama hizi isiyo na mstari huo imekatwa, au ina jambo la kuuliza.

Kwa walio pwani, Mombasa, Tanga, Unguja, karatasi ya mwaka 1816 ina maadui wawili, unyevu na jua. Usiibane moja kwa moja kwenye kioo cha fremu, kwa sababu unyevu hujikusanya hapo na kuleta madoa ya kahawia. Iwekwe nyuma ya kadibodi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, na itundikwe ukuta usiopigwa na jua. Rangi za maji za Whitcombe hupauka, na zikishapauka hazirudi.

Uamuzi wangu, basi, uko hivi. Aliye na uwezo wa kununua chapa moja ya asili na anayetaka kitu cha kusomwa kila siku, achukue Miller. Mkusanyaji anayependa historia ya habari na ya watu kabla ya ushindi kugeuka kumbukumbu, achukue Dodd, lakini asikubali picha moja ya jozi kwa nusu ya bei. Zilikusudiwa kusomwa pamoja, na moja peke yake inaeleza nusu ya vita. Anayetaka rangi kwa fedha kidogo, na anayetumaini kuongeza nyingine mwakani, aanze na Whitcombe, tena ningemshauri achague katika mfululizo wa Jenkins pambano la merikebu mbili badala ya Trafalgar, kwa kuwa huko ndiko mchoraji huyo alikuwa mahali pake.

Shule na maktaba hazina sababu ya kugharimika kwa karatasi ya asili. Taasisi kama Yale Center for British Art huruhusu mtu yeyote kupakua bure picha za ubora wa juu za kazi zake zisizobanwa na hakimiliki, na mkusanyiko wa Anne S. K. Brown katika Chuo Kikuu cha Brown umeweka mtandaoni chapa nyingi za kijeshi. Itafutwe nakala safi ya Miller, ichapwe kwa upana wa mita moja hivi kwenye karatasi nzito isiyong'aa, na chini yake yaandikwe majina ya merikebu kwa mpangilio wake: Royal Sovereign na Santa Ana kushoto, Fougueux, Temeraire, Redoutable na Victory katikati, Bucentaure na Santísima Trinidad kulia.